Paneli Mbili za Kushoto

Mzee Mbwana Marijani alikuwa na sababu ya kumkataa Farhan, na sababu yenyewe ilikuwa glasi. Siku ya kwanza kijana huyo alipofika Vingunguti kujitambulisha, alikuja na kigari chake ambacho milango yote imejaa spika, na ingawa alipunguza sauti alipoingia mtaani, hakupunguza ya kutosha. Vyombo vikaanza kucheza kabatini. Kabati lenyewe Mbwana alilitengeneza kwa mikono yake, mninga mtupu, mwaka aliomuoa Zubeda. Siku hiyo lilikuwa wazi. Glasi ya mwisho iliyobaki katika seti ya harusi yao ikatembea yenyewe mpaka ukingoni, ikajirusha sakafuni bila kusukumwa na mtu. Mbwana akaokota vipande, na tangu hapo hakulitaja jina la Farhan. Alimwita muuza kelele.

Jina hilo halikumzuia muuza kelele kuleta posa kwa binti wa Mbwana. Alimtuma mjomba wake, Mzee Nurdin wa Temeke, mtu wa kanzu iliyonyooshwa na maneno marefu. Mbwana akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema jibu litatoka Jumapili ya wiki inayofuata. Zubeda akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi amefunga mikono kifuani.

"Utamjibu nini?"

"Nitakataa."

"Kwa lipi? Kijana anaswali, havuti, ana kazi yake Kinondoni na watu wanapanga foleni kumsubiri."

"Kazi gani? Siku hizi kelele nayo ni kazi?"

"Baba Nusaiba, kelele ya nyumba hii ni mwanao mwenyewe. Toka azaliwe huyo hajawahi kunong'ona."

Mbwana akageuka pembeni, akajifanya anatafuta penseli, kumbe penseli iko sikioni.

Tuseme ukweli, hapo ndipo palipouma. Nusaiba alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifundisha chekechea Ukonga, na kila jioni alirudi na sauti ileile aliyowaimbishia watoto, akisalimia mtaa mzima kuanzia kwa Hamisa muuza vitumbua mpaka mlangoni kwao. Kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake. Na Mbwana huyuhuyu, aliyejulikana mtaani kwa kugombana na kila mwenye redio, alikuwa na tabia ya kuzima randa yake ya umeme saa ya binti kurudi inapokaribia, ili akisikie kicheko hicho kikitokea mbali. Hakumwambia mtu. Mwanamume mzima na ndevu zake, angeanzia wapi?

Jumanne akaja Sajid karakanani kwa Mbwana, pale kando ya nyumba. Huyu Sajid ana duka la mbao na vifaa vya ujenzi kule Tabata, na kwa miaka mingi ndiko Mbwana anakonunua plaiwudi, bawaba na misumari. Ni mtu wa heshima zake, hakupi ubao uliopinda akakuapia umenyooka. Alishuka kwenye Noah yake nyeupe, akaupiga mlango wa mbele kwa kiganja.

"Shikamoo, Mzee Mbwana. Nina kazi ya milango."

"Marahaba. Ya chumbani au ya uani?"

"Ya gari."

Akaeleza. Mama yake, Bi Sakarbai, yuko Tanga kwa dada yake na atarudi Jumamosi. Mama huyo anapenda nyimbo za Kihindi za zamani, na kila jioni Sajid humzungusha mjini akizisikiliza. Lakini masikio yake siku hizi yamechoka, na juzi kalalamika kwamba humo garini mwimbaji anaimba akiwa ndani ya ndoo. Sajid kanunua spika kubwa mpya ili mama akirudi azikute. Tatizo milango haina nafasi ya kuzibeba. Zinatakiwa paneli mpya za milango ya mbele, za mbao, zilizochongwa kufuata umbo la gari.

"Fundi wangu wa muziki anasema faiba na ngozi ataweka yeye, ila mbao anataka seremala hasa. Nikamwambia, seremala ninaye."

"Umefanya vizuri," alisema Mbwana, kifua kimemjaa. "Mlete huyo fundi wako."

Mlango wa kuburuta wa Noah ukafunguka, akashuka Farhan na sanduku lake la vifaa, macho chini, shikamoo yake ikisikika kwa shida.

Mbwana akamtafuta mkewe kwa macho. Zubeda alikuwa dirishani akichambua mchele kwa umakini ambao mchele huo haukuuhitaji. Jana yake alikwenda dukani kwa Sajid kununua nusu kilo ya misumari, na misumari ilikuwa tele nyumbani. Mbwana alilikumbuka hilo sasa, amechelewa. Alishasema "umefanya vizuri", na neno lake kwa Sajid hakuwahi kulirudisha.

Sasa, katika nyumba kama ile, mchumba ambaye posa yake haijajibiwa hana pa kukaa. Si mgeni wala si mwenyeji. Hali chakula hapo, hataniani na baba wa msichana, na zaidi ya yote hamkosoi. Farhan alilelewa na bibi yake, mtu wa Pwani wa zamani, na mambo hayo aliyajua kabla hajajua kusoma. Akafanya kazi amejikunja pembeni kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Kila alichoambiwa, "ndiyo mzee". Asichoambiwa, "sawa mzee".

Basi Mbwana akapata uwanja. Akavua paneli ya zamani ya mlango wa kushoto, akailaza juu ya plaiwudi, akaizungushia penseli, akakata. Akatengeneza ringi nene ya kubebea spika, akaigandisha ikiinama kidogo kuelekea sikio la abiria, na nyuma yake akajenga kimfuko cha kuwekea chupa ya maji. Farhan akavuta kitambaa juu ya vyote hivyo, akakipaka faiba, ule uji unaogeuka gamba gumu, ilipokauka akaziba mashimo kwa pati ya kulainishia uso, akapiga msasa mpaka mkono ukawa unateleza. Paneli ikapata mwili. Mbwana akaipitishia kiganja, akaipitishia tena.

Ikabaki ya pili. Paneli ya zamani ya kulia ilikuwa bado garini, kuivua ni kazi, na hii nzuri ya kushoto ilikuwa tayari mezani. Mbwana akailaza hiyohiyo juu ya plaiwudi mpya, akaanza kuizungushia penseli. Farhan akainua kichwa.

"Mzee, samahani, hapo..."

"Hapo pana nini?"

"Hapana, nilitaka tu..."

"Kijana, mie nimeanza kutengeneza milango wewe hujazaliwa. Changanya faiba yako."

Farhan akachanganya faiba. Mbwana alipoanza kugandisha ringi, Farhan akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Mbwana akamwambia vumbi la mbao ndivyo lilivyo, akanywe maji.

Alhamisi jioni, Farhan alipokwisha kuondoka, Nusaiba alimfuata baba yake karakanani. Hakukaa.

"Baba, Jumapili ukisema hapana, nitaipokea. Sitonuna wala sitokimbia na mtu. Ila nataka uniambie sababu, na isiwe glasi."

"Sababu ipo."

"Haya, naisubiri."

Mbwana akasema gundi inakauka, hawezi kuongea na gundi inakauka. Nusaiba akamtazama, akatikisa kichwa, akachukua ufagio akaanza kufagia maranda huku akiimba wimbo wa kuhesabu wa watoto wake wa chekechea. Mbwana akasimama na brashi ya gundi mkononi, hapaki kitu, anasikiliza. Moyo ulimlegea mpaka akaogopa atalia mbele ya mwanawe.

Ijumaa, walipotoka msikitini, wakaanza kuzifunga paneli garini. Paneli ya kwanza iliingia mlango wa kushoto klipu baada ya klipu bila ubishi, na Farhan akatabasamu kwa kusahau. Ya pili wakaipeleka upande wa kulia. Ikagoma. Mbwana akaisukuma, ikagoma. Akaigeuza juu chini, ndiyo ikagoma kabisa. Ikikaa wima, spika inakwenda kwenye ubavu wa kiti na kimfuko cha maji kinakwenda kwenye bawaba. Ukiigeuza ili umbo likubaliane na mlango, uso wake wote mzuri unatazama ndani ya bati na abiria anabaki na plaiwudi tupu. Walikuwa na paneli mbili, zote safi, zote za kushoto.

Mbwana akakaa juu ya kopo la rangi. Kesho Sajid anakwenda kumpokea mama yake, na gari lake lina mlango mmoja uliovaa na mwingine uko uchi.

"Wewe," alisema polepole. "Hili uliliona?"

"Niliona, mzee."

"Lini?"

"Ulipochora."

"Ukanyamaza?"

"Nilikohoa, mzee."

"Yaani ukaniacha nikate, nikajenga, nawe ukaipaka faiba, ukaiziba pati, ukaipiga msasa kutwa nzima, na huku unajua ni ya kushoto?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini lakini?"

Farhan akafuta jasho kwa mkono wenye vumbi, uso ukawa mweupe nusu. "Sasa mie ningekukosoaje, mzee wangu? Posa yangu si iko kwako?"

Mbwana akafungua mdomo atoe tusi ambalo Vingunguti ingelikumbuka. Kisha akaitazama ile paneli. Akamwona kijana huyu ameinama siku nzima, anasugua taratibu kitu ambacho anajua hakina mlango duniani.

"Na umeipiga msasa vizuri!" alisema.

"Kazi ni kazi, mzee."

Hapo kicheko kikamtoka Mbwana bila ruhusa. Alicheka mpaka kopo la rangi likayumba, akashika meza, akacheka tena. Zubeda akatoka jikoni mbio mikono inachuruzika maji, akidhani mumewe kapatwa na kitu. Farhan alisimama hajui acheke au aombe radhi.

"Nisikilize," alisema Mbwana akifuta machozi. "Ndani ya karakana hii hakuna posa. Posa iko sebuleni, na itasubiri Jumapili yake. Hapa ni fundi na fundi. Ukiona kosa, sema."

Kumbe alikuwa amefungulia bomba. Ulimi ambao Farhan aliubana toka Jumanne ukatoka wote kwa mkupuo. Mzee, ivue ile ya zamani ya kulia, tusibahatishe. Mzee, kabla hujakata hilo tundu, shusha kioo kwanza tuone sumaku ya spika haikigusi. Hiyo ringi iinue, hapana, upande huu, hapohapo. Na penseli unayoitafuta, mzee, iko sikioni. Mbwana alilalamika kwa kila neno na akatii kila neno, na kazi ikaenda mbio kuliko siku zote zilizopita. Kwa mara ya kwanza katika wiki ile, alisahau kuzima randa jioni ilipokaribia.

Wakisubiri faiba ikauke, Farhan akaugonga mlango wa Noah ulio uchi. Bati likalia lote.

"Sikia hiyo, mzee. Umesema nikiona kosa niseme. Basi mie siuzi kelele. Kelele ni hilo bati linalotetemeka." Akabandika ndani ya mlango vipande vizito vya lami vyenye karatasi ya fedha mgongoni, akavikandamiza vizuri, akagonga tena. Safari hii ulitoka mlio mfupi mnene, kama umegonga gogo. "Ukishaliziba, huna haja ya kufungulia sana. Siku ile glasi yenu ilipovunjika, gari langu lilikuwa bado halijazibwa. Nilikuwa na haraka ya kuja kuonana na nyie. Toka siku ile nimeliziba lote, hadi buti."

Mbwana akagonga mwenyewe. Akagonga na ule mwingine. Sikio la seremala linajua kitu kilichojaa na kitu kitupu, na halihitaji kuelezwa mara mbili.

"Si glasi," alisema ghafla, akiutazama mlango, hamtazami kijana. "Nusaiba ndiye huyohuyo mmoja. Akiondoka, nyumba itanyamaza. Mimi na mama yake tutakaa tunasikiliza friji."

Ndiyo hiyo sababu ambayo binti yake aliisubiri, na kaisema kwa muuza kelele. Farhan akachukua msasa, akaendelea na kazi yake polepole, na Mbwana akamshukuru kimoyomoyo kwa kutomtazama.

Jumamosi Sajid alichukua gari lake mapema, na alasiri akarudi nalo, mama yake kakaa kiti cha mbele, ili mafundi wenyewe waone. Bi Sakarbai alikuwa mdogo wa mwili, mkali wa macho, na hakuwa ameambiwa kitu. Sajid akafungulia wimbo. Sauti ya mwanamke ikatoka mlangoni, karibu na goti la bibi, laini, kila pumzi inasikika, na hakuna kitu kilichotetemeka. Bi Sakarbai akaweka kiganja juu ya ngozi ya kahawia ya paneli, akakiacha hapo mpaka ubeti ukaisha.

"Katoka kwenye ndoo," alimwambia mwanawe.

Sajid akashuka akamkumbatia Mbwana, akamkumbatia Farhan, akataka kumkumbatia na Zubeda akajishtukia katikati ya njia, wote wakacheka. Spika zake za zamani akawaachia, akasema wazitupe. Walipokwisha kuondoka Farhan akauliza ile paneli ya pili ya kushoto aifanye nini.

"Kuni," alisema Mbwana, akaenda kuoga.

Jumapili alfajiri alitoka msikitini akakuta wanawake wake wawili wamekaa sebuleni, mapema mno, wamenyooka kama wageni. Ukutani, kando ya kabati la mninga, ilining'inia paneli ya kushoto, imevaa ngozi ya kahawia, spika ya zamani ya Sajid imekaa kwenye ringi yake, na ndani ya kimfuko cha maji imepachikwa redio kuukuu ya gari. Farhan alikuwa ameimaliza jana yake jioni, akaikabidhi mlangoni bila kuvuka kizingiti. Zubeda ndiye aliyepigilia, mumewe akiwa msikitini. Ile nusu kilo ya misumari ikapata kazi.

"Kasema nini?" aliuliza Mbwana.

"Kasema wewe utaelewa," alijibu Nusaiba.

Zubeda akaiwasha. Vinanda vya taarabu ya zamani vikajaa sebuleni, vyote, hadi pembe za chumba. Mbwana akaenda kufungua kabati, akasimama kuangalia vyombo vyake. Hakikutikisika hata kijiko. Akalifunga, akakaa akisikiliza mpaka chai ikapoa.

Baada ya swala ya alasiri wakaja wazee. Mzee Nurdin alikaa katikati ya mkeka, kanzu yake inakata, na Farhan akabaki barazani kama ilivyo ada. Zubeda alikuwa ameipunguza ile redio mpaka ikawa kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Nurdin akaanza. Akashukuru, akasifu, akaeleza ukoo wa kijana kuanzia kwa mababu, akawaombea dua waliotangulia, akapumua, akaendelea. Nusaiba alikuwa chumbani, sikio kwenye mlango, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hasikiki.

Mbwana alikisikia kimya hicho. Kilikuwa kibaya kama alivyokiogopa. Lakini alisikia pia kile kinanda kidogo ukutani, kinaendelea na shughuli zake.

"... na kama Mungu atajalia mkaturidhia," Nurdin alikuwa anasema, "basi tutawaomba mtutajie na haki zenu za desturi, kilemba cha baba, na mkaja wa mama, ili sisi nasi kwa upande wetu tujue tunajipanga vipi, maana..."

"Kilemba changu nilishapokea," alisema Mbwana. "Kile pale ukutani."

Mzee Nurdin akageuza shingo. Aliona mlango wa gari usio na gari. Hakuelewa, lakini habari ya kilemba aliielewa vizuri sana, kwa maana hakuna baba anayepokea kilemba cha mtu aliyemkataa. Nusu ya hotuba yake iliyobaki haijasikika mpaka leo. Nyuma ya pazia Zubeda akapiga vigelegele, na Hamisa, ng'ambo ya barabara, akavidaka na kuvipokea bila hata kujua vya nini. Chumbani kicheko cha Nusaiba kikapasuka kama zamani.

Mbwana akangoja kwanza kipite, akisikilize chote. Kisha akageukia barazani, akaita kwa sauti ya karakanani.

"Mkwe! Ingia ndani uongeze sauti. Mama yako kaipunguza mno."

Farhan akavua viatu. Kimoja kikagoma, akakiacha kikiwa nusu na kukanyaga mkeka nacho, na hakuna mzee aliyemkosoa. Akafika ukutani, akazungusha kitufe kwa vidole viwili, taratibu, jicho moja likiwa kwenye kabati la vyombo.

"Hivi, baba?"

"Ongeza tena kidogo," alisema Mbwana.